Molasi haitengenezi saileji

Kila mvua zinapoelekea kukatika, kuanzia Mbozi hadi Mufindi, naulizwa jambo lile lile: “Mtaalamu, molasi imepanda bei, sasa saileji mwaka huu si basi?” Si basi. Saileji, yaani malisho mabichi yaliyokatwakatwa, kushindiliwa na kufungwa bila hewa ili yachache na kudumu, inatengenezwa na bakteria walioko kwenye majani yenyewe. Wanakula sukari ya majani na kutoa asidi, na kazi hiyo wanaifanya pale tu hewa inapokosekana. Molasi, ule uji mzito mtamu unaobaki kiwandani sukari ikitengenezwa, ni sukari ya nyongeza. Majani yakiwa na sukari yake ya kutosha, hela ya molasi umeitupa.

Mahindi mabichi yanayo ya kutosha. Hata ukishavuna gobo (hindi bichi) ukauza, bua la kijani bado lina sukari, litachacha vizuri. Litapungukiwa wanga tu, na hilo utalifidia kwa pumba wakati wa kulisha.

Kwenye mahindi, tatizo ni siku ya kukata. Vipeperushi vingi vinasema siku 75 hadi 90 tangu kupanda. Kwa Njombe na Makete, kwenye baridi na mbegu za muda mrefu, ukifuata hesabu hiyo utakata mmea uliojaa maji. Achana na kalenda. Vunja hindi katikati, tazama punje: juu pagumu, chini bado maziwa. Mpaka wa sehemu hizo mbili ukifika nusu ya punje, kata. Hapo mmea una maji karibu asilimia 65 hadi 70. Katakata vipande vya sentimita 2 hadi 3. Virefu kuliko hivyo havishindiliki.

Matete (majani ya tembo) ndiyo yanayohitaji msaada kweli, maana yana maji mengi na sukari kidogo. Yakate yakiwa na urefu wa mita 1 hivi, yanyaushe kuanzia asubuhi hadi jioni, kisha kwa kila kilo 100 weka molasi kilo 3 hadi 5. Huna molasi? Weka pumba za mahindi kilo 5 hadi 10, nazo zitanyonya maji ya ziada, jambo ambalo molasi haiwezi. Kamua konzi la majani kwa nusu dakika: maji yakichuruzika, bado ni mabichi mno, donge likishikana na kiganja kikabaki na unyevu tu, endelea. Kipimo hiki sikiamini sana, kwa sababu watu wawili hukamua kwa nguvu tofauti, lakini shambani hakuna kingine.

Vitabu vinasema nyausha. Tukuyu, wilayani Rungwe, mwezi wa nne mvua ikinyesha, utanyausha wapi? Kwa Rungwe nina mashaka na saileji ya matete kwa jumla. Pale ambapo mvua haikatiki kwa muda mrefu, afadhali kuongeza eneo la matete na desmodiamu (malisho ya jamii ya kunde), ukakata mabichi.

Mabua makavu ni habari nyingine. Kuyanyunyizia maji ya molasi na kuyafunga kwenye nailoni ni kufuga ukungu. Hayo yanatakiwa mbolea ya urea: kilo 4 iliyoyeyushwa kabisa katika lita 60 za maji kwa kilo 100 za mabua, yafungwe wiki tatu, na kwenye baridi zaidi ya hapo. Usitie molasi humo, kwani amonia (gesi inayotoka kwenye urea) na sukari vikikutana kwenye joto hutengeneza sumu inayompagawisha ng'ombe. Yaanike usiku mzima kabla ya kulisha, na ndama wa chini ya miezi sita asipewe.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi zaidi. Saileji nyingi zinazosemwa “ziliharibika kwa kukosa molasi” zimeharibiwa na hewa, tena baada ya kufunguliwa. Chukua shimo la urefu wa mita 2, upana 1.5, kina 1. Ukishindilia kwa miguu vizuri linabeba karibu tani 1.5. Ng'ombe mmoja anayekula kilo 20 kwa siku ana chakula cha siku 75, na mfugaji anafurahi. Lakini uso ulio wazi una mita 1.5 za mraba, na kilo 20 ni tabaka la unene usiofika sentimita 3 kwenye uso huo. Hewa inapenya ndani haraka kuliko unavyochota. Saileji inapata joto, inageuka rangi ya tumbaku, kisha ukungu. Unatakiwa uondoe angalau sentimita 10 kila siku, maana yake shimo hilo ni la ng'ombe wanne.

Mwenye ng'ombe mmoja au wawili atumie mifuko ya kilo 50 au mapipa ya plastiki ya lita 200. Pipa lililoshindiliwa kila tabaka la sentimita 15 linabeba takriban kilo 100, na ng'ombe wawili wanalimaliza ndani ya siku tatu. Mifuko iinue juu ya mbao, mbali na panya. Tundu moja dogo linatosha kuharibu mfuko mzima.

Fungua baada ya wiki sita. Harufu ya maziwa mgando na rangi ya kijani iliyofifia ni nzuri. Harufu ya siagi iliyochacha inaonyesha maji yalizidi. Palipo na ukungu tupa, usimpe hata ng'ombe asiyekamuliwa. Mlishe baada ya kukamua, si kabla, kwa sababu harufu huingia kwenye maziwa na kituo cha kukusanyia kinaweza kuyakataa.