Virusi Vinavyoua Bakteria: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika maduka ya dawa ya Kongowea, Mombasa, husikika mara kwa mara mteja akiomba antibiotiki kali zaidi kwa sababu, asemavyo, mwili wake umeizoea ile ya mwanzo. Kinachoizoea dawa si mwili bali bakteria, ambao wakisalimika huzaana na hata kupeana jeni za usugu, hivyo asiyewahi kumeza kidonge anaweza kuambukizwa bakteria waliokwisha kuwa sugu. Makadirio ya mwaka 2019 yaliuhusisha usugu huo moja kwa moja na vifo milioni 1.27 duniani.

Dhana iliyo ngumu zaidi kuing'oa ni kwamba kila kirusi ni adui wa binadamu. Mtafiti achotaye maji machafu yanayoingia mkono wa bahari wa Tudor huulizwa anatafuta maradhi gani, kumbe anatafuta bakteriofaji, au faji kwa kifupi, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria pekee, vilivyoelezwa na Frederick Twort mwaka 1915 na Félix d'Hérelle mwaka 1917. Penye bakteria wengi ndipo penye faji nyingi, na kwa hiyo mtaro wa maji taka humfaa kuliko kisima safi. Maji huchujwa ili bakteria wabaki nyuma, kisha yaliyopita huchanganywa na bakteria wanaochunguzwa na kumiminwa juu ya kisahani cha maabara. Kesho yake, penye faji huonekana vidoa angavu pasipoota kitu, na sijui ushahidi unaopendeza macho kuliko huo.

Kuzitumia faji kutibu maambukizi ya bakteria si jambo geni pia: taasisi ya faji ya Tbilisi, Georgia, ilianzishwa mwaka 1923.

Lakini wanaotangaza kwamba faji zitazifuta antibiotiki nao wanapotosha, na upotoshaji huo hunisikitisha zaidi kwa kuwa huwapa wagonjwa tumaini lisilo na msingi. Faji moja kwa kawaida hushambulia aina chache tu za bakteria, kwa hiyo sharti bakteria wa mgonjwa wapimwe kwanza. Zipo pia faji zinazobeba madhara: jeni za sumu ya kipindupindu, ugonjwa unaojulikana sana Pwani, huletwa kwa bakteria na faji, ndiyo maana jenomu, yaani jumla ya jeni zake, husomwa kabla faji haijafikiriwa kuwa tiba. Bakteria nao huwa sugu kwa faji, ingawa wengine, katika kuikwepa, hupoteza pampu waliyoitumia kuitoa antibiotiki mwilini mwao, na dawa iliyokuwa imeshindwa ikaanza kuwaua tena.