Eti wakija eliyeni (viumbe wa nje ya dunia) tutaungana: nani kakwambieni?

Juzi usiku baada ya Isha vijana wa barazani kwetu walitoa TV nje, wakapitisha waya dirishani kwa bi mkubwa, wakaweka filamu ya watu sita ndani ya chombo cha anga, wamefika huko sijui wapi na nje ya dirisha kuna kitu kinawaangalia. Mpaka hapo hao sita walikuwa washang'atana saa nzima, huyu hamsemeshi yule, yule kamfichia huyu betri. Mpwa wangu akajiegemeza ukutani akasema kwa ile sauti ya mtu anaejua kila kitu: "Hapa sasa ugomvi basi. Washapata adui mmoja, lazima waungane." Na baraza zima likaitikia, pamoja na muuza kahawa.

Mie kahawa ikanipalia. Wallahi nshachoka na hili neno. Nalisikia darasani kila intake, nalisikia msibani, nalisikia kwa watu wazima wenye digrii zao. Rais Reagan wa Marekani alilisema mwaka 1987 mbele ya Umoja wa Mataifa, kwamba tofauti zetu zingepotea upesi lau tungetishiwa na viumbe kutoka nje ya dunia. Alipigiwa makofi pengine. Lakini jambo kusemwa na mkubwa halijawa kweli.

Kazi yangu nnafundisha mabaharia kozi ya usalama binafsi na majukumu ya kijamii, ile ya mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia (STCW) ambayo kila mtu anaisinzia kwa sababu haina kuzima moto wala kurukia boti, ni maneno tu: uchovu, zamu, amri, lugha, watu kukaa pamoja. Kabla ya hapo nimekula chumvi miaka 18, nimeishia usekendi, yaani ofisa wa pili wa meli. Wanafunzi hushangaa nikiwaletea wanaanga, wanasema mwalimu sisi tunakwenda kupanda meli si roketi. Lakini melini watu wakigombana hakuna anaekuja kupima, mwanaanga yeye hupimwa mpaka mkojo wake. Ukitaka kujua watu wachache waliofungiwa pahala pamoja hufanyana nini, karatasi nyingi ziko huko.

Hili la kwanza nalipita haraka. Ugomvi wa chomboni hauanzi na kitu kikubwa. Apollo 7, safari ya anga ya Wamarekani, Oktoba 1968, kamanda Wally Schirra alishikwa na mafua, mafua tu haya, isipokuwa angani kamasi haziteremki kwa sababu hakuna chini, akaanza kubishana na watu wa ardhini kuhusu ratiba na kuhusu kamera ya TV, mwisho wakakataa kuvaa helmeti wakati wa kurudi. Wote watatu hawakuruka tena. Na aliewahi kukaa dago, kambi ya wavuvi, kisiwani Misali hahitaji kuambiwa na NASA, anajua watu hawagombani kwa ajili ya papa, wanagombania nani kaacha sufuria bila ya kukoshwa.

Sasa huyu adui mmoja. Hapa nipeni nafasi.

Hatari kweli huunganisha watu, sikatai, nimeona kwa macho yangu. Tulipigwa na kusi mkondo wa Pemba, chombo kinaingia maji, hapo hakuna mkutano hakuna kikao, huyu pampu huyu kamba, nahodha anapiga kelele, na mtu ambae hujamsemesha mwezi mzima unamshika mkono asianguke na wala hukumbuki kama mmenuniana. Umoja ule ulidumu siku mbili, halafu tulipofika salama tukagombana zaidi ya mwanzo, kila mmoja anasema kosa la nani. Lakini siku mbili zilikuwepo. Kwa nini? Kwa sababu maji yakiingia chomboni hakuna anaesema labda si maji. Kila mtu anajua ni nini, kinaua vipi, na kazi yake ni ipi.

Eliyeni si maji. Eliyeni ni suali. Kabla hamjajikinga nae inabidi mkubaliane kwanza ni nani, mgeni au adui, mtu au mnyama, mashine au takataka inapita zake, na kama ni mtu, je kaja au mmekwenda nyinyi kwake? Adui mmoja anaunganisha watu wakishakubaliana kuwa ni adui. Na hapo pa kukubaliana ndipo penye kisa chote! Watu wanaruka hapo kama hapapo. Filamu nayo inawasaidia kuruka, maana inamtia yule kiumbe meno ya kutisha ili msipate shaka, mkishaona meno kila mtu ashakubali. Kuna nani aliekuhakikishieni kuwa atakuja na meno?

Nitoe langu. Mwaka 2010, wakati maharamia wa Kisomali wameishika bahari, niko meli ya mizigo, watu 19, mbali mashariki ya Somalia. Wiki tatu kabla palizuka ugomvi wa mchele. Usicheke. Mchele ulikuwa unapungua, mpishi akaanza kupima, watu wa dek wakasema watu wa injini wanapakuliwa zaidi, chifu, mmoja wa wakubwa wa meli, akamtetea mpishi, serahangi akasimama na vijana wake wa dek, basi mesi ikagawika, meza hii hawa na meza ile wale, na chumvi wanarushiana kwa kuisukuma bila kutazamana. Alfajiri moja niko zamu nikaona kidoa kwenye rada, nikachukua darubini, boti ya faiba, watu wanne au watano, injini imezimwa, inaelea tu. Nikamwamsha nahodha. Hata robo saa haijafika briji, chumba cha kuendeshea meli, imejaa watu na kila mtu na fikra yake. Serahangi: hawa wavuvi wameishiwa mafuta, baharini mtu humpiti, leo wao kesho sisi. Chifu: hicho chambo, meli yao mama iko nyuma ya upeo, ongeza spidi tuondoke. Wengine kati na kati. Mpaka mpishi akaja na mwiko mkononi kutoa rai.

Mie baadae, tena miaka baadae, nilikaa nikaandika majina, waliosema wavuvi huku na waliosema maharamia kule. Ikatoka orodha ile ile ya ugomvi wa mchele. Mtu kwa mtu, isipokuwa fundi umeme, yeye alikuwa kalala.

Na mie mwenyewe? Darubini ilikuwa mkononi mwangu, mie ndie pekee niliewaona sawasawa, na nilichokiona hakikuniambia kitu, watu wamekaa kwenye boti wanatutazama, basi. Lakini nilisema maharamia. Nilimuunga mkono chifu kwa sababu serahangi alikuwa kashanikera tangu tunapakia Mombasa. Hiyo ndo sababu. Nahodha, Mungu amrehemu, hakumfuata mtu, aliwatupia pipa la maji limefungwa kwenye boya, akageuza, tukaenda zetu. Mpaka leo sijui walikuwa nani. Na ugomvi wa mchele haukufa, ila ulipata majina mapya, "nyie mliotaka kuwaua wavuvi" na "nyie mliotaka tutekwe". Mchele ukasahauliwa, ikawa sasa tunagombana kwa hoja za maana!

Mtu akiniambia hao ni mabaharia tu wenye njaa, hebu atazame pwani yetu hii hii. Wareno walitokea mwaka 1498, meli za namna isiyojulikana, watu wasiojulikana, mizinga. Kwa hesabu ya mpwa wangu miji ya pwani yote ingeshikana mikono. Mombasa wakawatilia shaka wakataka kuwazima, Malindi (ya Kenya, si mtaa huu wa bandarini kwetu) mfalme wao akawakaribisha akawapa na rubani wa kuwavusha mpaka Bara Hindi. Malindi na Mombasa walikuwa na yao tangu zamani, mgeni akaingia katikati akatumiwa, na yeye akawatumia. Nikimaliza kuisema hii darasani hupata kimya kidogo. Halafu mmoja atanyoosha mkono aseme, lakini mwalimu, wale walikuwa binadamu. Subhanallah. Sasa kama kwa binadamu mwenzio mwenye pua na masikio hamkuweza kukubaliana ni nani, kwa kitu kisicho na pua itakuwaje?

Jengine linalonikera, kidogo kuliko hilo: "wanaanga wamechaguliwa, hawagombani." Wanagombana, isipokuwa ghadhabu yao wanaielekeza kwengine. Katika Mars-500, wanaume sita walifungiwa Moscow siku 520 kati ya 2010 na 2011 wakijifanya wanakwenda Mirihi, migogoro waliyoiripoti na watu wa ardhini ilikuwa mara tano ya ile ya wao kwa wao. Kila baharia anaijua hii, ofisi ndo mbaya, sisi huku ndugu. Hiyo ni njia ya kuhifadhi amani chomboni, unamtupia alie mbali. Lakini tia eliyeni hapo nje ya dirisha uone, sasa kuna wawili wa kutupiwa, na nusu ya chombo watamchagua huyu na nusu watamchagua yule. Wapo watakaomwamini kiumbe kuliko ofisi. Mie najijua, baada ya miezi minane ofisi inanitumia imeili kuhusu fomu, huenda nikawa mmoja wao.

Na nani ataamua? Hili filamu hulipita kwa kumpa kamanda sauti nzito. Mkataba wa anga wa mwaka 1967 unawaita wanaanga wajumbe wa wanadamu wote, sawa, wajumbe waliotumwa kusema nini? Mwaka 1989 wataalamu waliandika misingi kwamba ikipokewa ishara ya viumbe wenye akili asijibu mtu mpaka nchi zishauriane. Fikra nzuri kabisa kwa mtu aliekaa ardhini na chai yake. Ukiwa Mirihi neno lako linaweza kuchukua dakika 20 na zaidi kufika nyumbani na mengine kama hayo kurudi, na hapo nchi bado hazijaanza kushauriana, zikishauriana lini mnazijua wenyewe. Watu sita wamesubiri, kitu kiko dirishani, na mmoja wao ana kidole juu ya kitufe cha redio. Ugomvi mkubwa wa safari ile utakuwa juu ya kidole hicho, yule kiumbe hata hajafanya lolote.

Sasa niseme na yale yanayonitia shaka, maana nimeshazungumza kama mtu mwenye uhakika sana.

Kitabu tunachofundishia kinategemea sana jaribio la mwanasaikolojia Muzafer Sherif la mwaka 1954 kule Oklahoma, watoto 22 wa kiume kambini, makundi mawili, wakachokozwa wakagombana, halafu wakapewa kazi za pamoja, maji yamekatika, gari limekwama, wakapatana. Hata hapo kilichowapatanisha ni gari walilolivuta pamoja, si adui. Lakini mwaka mmoja nyuma alijaribu hivyo hivyo na watoto wengine na wakakataa kugombana, wakawashtukia watu wazima waliokuwa wakiwachokoza. Kitabuni hilo halimo. Mie hulifundisha la Oklahoma kwa sababu ndilo lilioko kwenye mtihani, na kila nikilifundisha nahisi nimeuza samaki wa jana.

Shaka ya pili ni Biosphere 2, Arizona, 1991 mpaka 1993. Watu wanane ndani ya nyumba ya vioo miaka miwili, waligawika wanne kwa wanne, marafiki wa zamani wakapishana bila ya salamu, chakula kidogo, oksijeni ikashuka mpaka kama asilimia 14 ikabidi wapulizwe nyengine kutoka nje. Kwa ninavyofundisha mie wangeharibu kila kitu. Hawakuharibu. Walilima, walikamua mbuzi, walitoka wote hai siku waliyopangiwa, huku wananuniana. Kwa hivyo huenda tunahangaika bure kutafuta watu wanaopendana, huenda inatosha watu wanaoweza kununa na kufanya kazi. Sijui niliweke vipi kwenye silabasi.

Na Skylab 4, safari ya kwenye kituo cha anga cha Marekani, nimekuwa nikiisimulia vibaya miaka mingi, naomba radhi kwa walionisikiliza. Ule "mgomo wa wanaanga" wa 1973 watu wameutia chumvi. Waliokuwemo walikuwa watatu, kazi zimewazidi, mwanzoni tu mmoja alitapika wakakubaliana wasiseme, kumbe kinasasauti kiko wazi na ardhini wakasikia. Wiki sita si haba wakazikaa na ratiba ya kipunda, mpaka mwisho wa Disemba wakasemezana na ardhini waziwazi, kazi zikapangwa upya, wakamaliza siku 84 vizuri tu. Mgomo hauna mvuto ukiitwa mazungumzo, ndo maana tunapenda kuuita mgomo.

Mpwa wangu baada ya kunisikiliza yote haya (hakuwa na hiari, nilikaa mbele ya TV) akaniuliza, basi ami ungempeleka nani? Nikamwambia mtu ambae ukimkera anakwambia siku ile ile. Akasema hata kama hajui kurusha chombo? Nikasema kurusha anafundishwa. Akacheka, akasema basi tumpeleke bi mkubwa, yeye hata kabla hujamkera ashakwambia, na bi mkubwa kutoka dirishani akajibu kuwa umeme wake ndo unaoisha hapo na nani anamlipa.

Kile kisa cha boti ya faiba nimekihadithia darasani kila mwaka tangu nianze, chifu, serahangi, mpishi na mwiko wake, watu wanacheka. Ile orodha naionesha. Ila sehemu ya mie na darubini sijawahi kuitia, huwa nasema tu "mtu wa zamu hakuwa na uhakika". Intake ya mwezi ujao nitajaribu kuisema yote.