Kwa nini mchekeshaji mkongwe hupigiwa makofi kabla hajasema neno?

Anatokea mzee wa miaka 83. Hajasema kitu, hajateleza, hajavunja kikombe. Watu waliokaa kwenye viti vya studio wanainuka na kumpigia makofi, huku waigizaji wenzake wakiwa wametulia kama walinzi wa lango, wakisubiri kelele zipungue ili hadithi iendelee. Ndivyo alivyopokewa Bob Newhart mwaka 2013 alipoingia kama mgeni katika tamthilia ya vichekesho ya Marekani, The Big Bang Theory. Mashabiki wakikutana kwenye sehemu ile ya tamthilia, ubishi hauishi. Mmoja atasema mzee alichekesha kweli. Mwingine atasema watu walicheka jina tu.

Kwanza tuone makofi yenyewe yanafanya nini, maana kwa watengenezaji ni kero kuliko tunavyodhani.

Tamthilia za aina hii hurekodiwa mbele ya watazamaji. Utaratibu huo uliimarishwa na I Love Lucy mwaka 1951: kamera tatu za filamu zinapiga kwa pamoja, na mbele yake wamekaa watu wapatao 300 wanaocheka papo hapo. Mwigizaji anajifunza kushikilia sentensi yake mpaka kicheko kianze kushuka, kisha anaiachia. Akiwahi, haisikiki. Akichelewa, moto umeshazimika. Kicheko kina tabia yake, kinapanda na kushuka, na mwigizaji mzoefu anakipima kwa sikio. Makofi hayapimiki. Tena yanavunja hadithi, kwa sababu ndani ya hadithi hakuna anayejua kwamba huyu aliyeingia ni mtu maarufu. Katika Seinfeld, tamthilia ya vichekesho ya miaka ya 1990, makofi ya kumlaki Kramer, jirani wa mhusika mkuu, kila anapoingia yalikuwa marefu kiasi kwamba watazamaji waliombwa wayapunguze. Na Kramer hakuwa hata mgeni, alikuwa mtu wa nyumbani!

Kwa hiyo mwandishi anayemleta mkongwe ana kazi ya ziada: makofi yatakuja apende asipende, basi ayatafutie mahali pa kukaa.

Kwa Newhart walifanya hivi. Walimpa nafasi ya Arthur Jeffries, mzee aliyewahi kuendesha kipindi cha sayansi cha watoto kwa jina la Profesa Proton. Kipindi kimekufa zamani, sasa anakodiwa kwenye sherehe za watoto. Sheldon na Leonard, wanasayansi wawili waliokua wakimtazama, wanamkodi aje nyumbani kwao. Lifti ya jengo ni mbovu siku zote, na mzee ana kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, hivyo ngazi zinamfikisha juu hoi. Anatarajia watoto, anakuta watu wazima wanaomtumbulia macho kama wameona malaika. Unaona ujanja? Furaha ya Sheldon na furaha ya watu kwenye viti ni kitu kimoja. Ukipiga makofi hujavunja hadithi, umejiunga nayo.

Lakini hapo tumeeleza makofi tu. Kicheko kilichofuata kina asili nyingine, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda.

Newhart alianza kazi akiwa mhasibu Chicago. Mwaka 1960 alitoa albamu ya vichekesho iliyokuja kushinda Grammy, tuzo kubwa ya muziki Marekani, ya albamu bora ya mwaka, ikizipita za wanamuziki, kisha akawa mhusika mkuu wa tamthilia mbili za jina lake, moja kuanzia 1972 na nyingine kuanzia 1982. Silaha yake ilikuwa simu. Anasimama peke yake, anazungumza na mtu tusiyemsikia, na sisi tunaujenga upande wa pili kutokana na anavyojibu. Katika kichekesho kimoja anapigiwa na Walter Raleigh, Mwingereza wa kale anayetajwa kwa kueneza tumbaku kwao, anayemwelezea habari za mmea huo. Tunachosikia ni mtu mpole akijitahidi kuelewa: ni majani? Unayasokota? Unayaweka mdomoni? Halafu unafanya nini, unayawasha? Haongezi sauti hata mara moja. Kigugumizi chake, ambacho ni cha kweli, kinaupa kila mshangao nusu sekunde ya ziada, na kicheko kinaingia katika nusu sekunde hiyo.

Sasa rudi sebuleni kwa Sheldon. Sheldon anamiminika maneno bila kituo, na Arthur amekaa na macho ya mtu aliyechoka, akimsikiliza. Ni mchezo uleule wa simu. Tofauti ni kwamba kwa miaka 50 alikuwa akimsikiliza mtu asiyeonekana, na sasa mtu huyo kakaa mbele yake. Waandishi hawakumpa mzee sentensi kali za kurusha, walimpa mtu wa kumvumilia. Ndiyo maana kijana ambaye hajawahi kuigusa albamu ya 1960 anacheka pamoja na babu yake.

Hapo ndipo ninapopima wageni wote wa aina hii. Mwaka 1955 Harpo Marx, mmoja wa ndugu wachekeshaji akina Marx, alikuja kwenye I Love Lucy, na Lucy, mhusika mkuu, aliyevaa kama yeye, akalazimika kujifanya kivuli chake kwenye kioo, akimwiga kila mkono na kila mguu. Mchezo huo ulitoka kwenye filamu ya akina Marx ya 1933. Asiyeijua filamu bado anacheka, kwa sababu anaona mtu anayekaribia kushikwa uongo. Mgeni anayeingia, akataja jina lake, akapunga mkono na kutoka, huyo atapata makofi na basi.

Chuck Lorre, mmoja wa waasisi wa The Big Bang Theory, alimbembeleza Newhart kwa miaka. Alipokubali aliweka sharti kwamba irekodiwe mbele ya watu. Wengine waliona ni majivuno ya msanii mkubwa. Mimi naona ni fundi anayedai kifaa chake: anayechekesha kwa kunyamaza atajuaje anyamaze kwa muda gani kama hasikii watu? Mwaka huohuo wa 2013 nafasi ya Arthur ilimpa Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, yake ya kwanza, na wapo waliosema ni tuzo ya uzee. Wairudie ile sebule, safari hii wamtazame anayesikiliza.

Mwaka 2014 Arthur alifariki katika hadithi, ila hawakumwacha apumzike. Alimtokea Sheldon ndotoni amevishwa joho la Jedi, wale mashujaa wa filamu za Star Wars, na mwenyewe haelewi kwa nini kavaa hivyo.