Kizito huzama, chepesi huelea? Beseni la maji lina jibu jingine

Neno letu “zito” limebebeshwa kazi nyingi. Gunia la mahindi ni zito. Uji uliokolea unga ni mzito. Na tukisema chuma ni kizito kuliko mbao, hatulinganishi msumari na gogo, ila kila msikilizaji anatuelewa. Mtoto anakua akisikia neno hilo moja kwa mambo matatu tofauti. Siku akiulizwa kwa nini jiwe huzama na gogo huelea, anajibu kwa neno alilonalo: jiwe ni zito. Nimefundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka mingi na jibu hilo sijawahi kulidharau, kwa sababu anayelitoa amefikiri. Lakini si sahihi, na dawa yake iko nyumbani: beseni, maji na vitu vya jikoni.

Dhana: Kitu kizito huzama, chepesi huelea

Weka mbele ya mtoto tikiti maji zima na punje moja ya haragwe. Kabla ya chochote kugusa maji, mwambie abashiri, tena aseme na sababu. Usiruke hatua hii, maana asiyebashiri hana cha kushangaa. Kisha mwache atumbukize mwenyewe. Tikiti la kilo nne linaelea, haragwe linakwenda chini moja kwa moja.

Kinachoamua si uzito wa kitu peke yake. Kinachoamua ni uzito wake ukilinganishwa na uzito wa maji yanayoweza kujaa nafasi ileile. Tikiti ni kilo nne, ila maji ya ukubwa wa tikiti lile yana uzito zaidi ya kilo nne. Haragwe ni jepesi, lakini tone la maji lenye ukubwa wa haragwe ni jepesi zaidi.

Kama mtoto ameshaanza hesabu za gramu, mpeleke dukani na chupa mbili zinazofanana za nusu lita, moja ya maji, nyingine ya mafuta ya alizeti. Muombe muuzaji aziweke kwenye mizani. Ukiacha uzito wa chupa, maji ni gramu 500 na mafuta ni kama gramu 460. Nafasi ni ileile, uzito ni tofauti. Kipimo hicho cha uzani kwa nafasi ndicho vitabu hukiita densiti, na wengine msongamano. Lita ya maji baridi ni kilo 1, ya maji ya bahari ni kama gramu 1,025, ya asali ni karibu gramu 1,400. Chuma cha nafasi ya lita moja kina takriban kilo 7.8.

Chungwa nalo linafundisha vizuri. Zima, linaelea. Limenye, uondoe na ile nyama nyeupe yote, kisha lirudishe majini: linazama. Umelipunguzia uzito na bado limezama! Ganda lile limejaa vijitundu vya hewa, hivyo ukilitoa, chungwa linapoteza nafasi kubwa na uzito kidogo. Watoto wa darasa la tatu hubishana juu ya chungwa hili mpaka kengele inalia, na mimi huwaacha wabishane.

Dhana: Mafuta ni mazito kuliko maji, maana hayamiminiki upesi

Hapa ndipo neno “zito” linapotupoteza kabisa. Kumiminika polepole ni habari moja, densiti ni habari nyingine. Mafuta humiminika polepole kuliko maji na bado hukaa juu yake. Asali humiminika polepole zaidi na hukaa chini. Mimina asali kwenye bilauri, kisha maji taratibu kwa kupitia mgongo wa kijiko, kisha mafuta: utapata matabaka matatu. (Watu wazima wengine hutumia mafuta ya taa kuonyesha jambo hili. Msiyatumie na watoto. Mafuta ya kupikia yanatosha.)

Halafu geuza. Jaza bilauri mafuta, dondoshea tone moja la maji. Tone hilo dogo linapita katikati ya mafuta yote na kutua chini, ingawa mafuta ya bilauri nzima yanalizidi uzito mara nyingi sana.

Dhana: Chuma huzama

Kizibo cha soda, kile cha bati, kinatosha. Kilaze majini taratibu uwazi ukitazama juu, kitaelea kama mtumbwi. Kibonyeze kwa kidole maji yaingie, kitazama. Bati ni lilelile, halikuongezeka wala kupungua. Kilipokuwa kinaelea, kilikuwa kimesukuma maji pembeni na kushika nafasi yake pamoja na nafasi ya hewa iliyomo ndani. Archimedes wa Sirakusa alilieleza hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: kitu kikiwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa.

Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ni kizibo hichohicho kwa ukubwa wake. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa mpaka Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916, katikati ya vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Chuma kilicholala chini ya ziwa miaka minane ndicho kilichorudi kubeba abiria. Kilichoondolewa ni maji, hewa ikarudi mahali pake, jambo ambalo mabaharia hulifanya kila siku wanapokumba maji chomboni.

Dhana: Mti wowote huelea

Mpingo huzama. Ubao wake mkavu una densiti ya takriban kilo 1.2 kwa lita, yaani unazidi maji. Ukiwa na kinyago kidogo cha mpingo halisi, kijaribu. Wauza vinyago wa kweli hawaogopi jaribio hili, ingawa kuzama peke yake hakuthibitishi kuwa ni mpingo.

Dhana: Chumvi hushika yai lisizame, na yai linaloelea limeoza

Dhana mbili juu ya yai moja. Tuanze na chumvi. Yai bichi kwenye bilauri ya maji ya bomba huzama. Litoe, koroga vijiko vitatu vya chakula vya chumvi hadi iyeyuke, lirudishe: linaelea. Watoto husema maji “yamekuwa magumu” au chumvi “imelishika”. Hakuna kilicholishika. Chumvi imeongeza uzito wa maji bila kuongeza nafasi yake kwa kiasi hicho, basi maji sasa yana densiti kubwa kuliko yai. Ndiyo maana kuogelea baharini ni rahisi kidogo kuliko Ziwa Victoria, na ndiyo maana meli yenye shehena ileile huzama kidogo zaidi inapotoka baharini kuingia mtoni.

Sasa uozo. Ganda la yai lina vitundu vidogo vidogo. Siku zinavyopita, unyevu hutoka na hewa huingia, na kifuko cha hewa upande mnene wa yai hukua. Yai la juzi hulala chini kwa ubavu, la majuma kadhaa husimama, la zamani sana huelea hata kwenye maji ya kawaida. Kwa hiyo kuelea kunakwambia umri. Lipasulie kwenye kibakuli cha pembeni, unuse, ndipo uamue. Na kuzama hakukuhakikishii kuwa yai halina vijidudu, kwa hiyo lipikwe liive, na watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kuchezea mayai mabichi.

Dhana: Kitu chenye tundu lazima kizame

Kandambili ina matundu matatu na inaelea. Tundu huzamisha kitu kinachoelea kwa sababu ya hewa kilichoizuia ndani, kama mtumbwi au kizibo, tena maji yakishaingia. Kisichotegemea hewa hiyo hakijali.

Dhana: Mtu mnene huzama upesi

Ni kinyume. Mafuta ya mwili yana densiti ya kama kilo 0.9 kwa lita, misuli kama kilo 1.06. Mwenye misuli mitupu hupata shida zaidi kuelea. Wengi wetu tuko karibu kabisa na maji, na pumzi ndiyo inayoamua: mapafu yakijaa tunaelea, tukitoa pumzi yote tunaanza kushuka. Hata hivyo kuelea kwa mwili hakuhakikishi kwamba pua iko juu ya maji, kwa hiyo mtoto asiyejua kuogelea asiachwe peke yake majini, awe mnene au mwembamba.

Dhana: Kilichozama hakisukumwi na maji

Aliyewahi kuchota kisimani kwa kamba anaujua ukweli huu mikononi. Ndoo iliyojaa, ikiwa bado chini ya uso wa maji, huja kwa wepesi. Inapotoka tu, kamba inakata viganja. Maji ya ndani ya ndoo hayakuongezeka. Muda wote yale ya nje yalikuwa yanakusaidia kunyanyua.

Kwa mtoto, funga jiwe kwa uzi, uning'inize kwa mpira wa kufungia noti, upime urefu wa mpira kwa rula. Shusha jiwe majini bila kugusa chini, upime tena. Mpira umefupika, na jiwe lingezama lote kama ungelikatia uzi.

Mkimaliza, maji ya beseni myamwage siku hiyohiyo, kwa sababu mtoto anayetambaa anaweza kufa maji kwenye kina cha sentimita chache. Yasiyo na chumvi wala mafuta mwagieni mchicha.