Dawa za kansa zinazolenga jeni: tunayoambiana na yalivyo kweli

Hili nalisikia sana, eti dawa hizi zimekuja juzi tu baada ya wanasayansi kumaliza kusoma jeni zote za binadamu mwaka 2003. Siyo kweli jamani. Trastuzumab ya kansa ya matiti yenye HER2 nyingi (protini inayoichochea seli ikue) iliidhinishwa Marekani 1998, imatinib ya kansa ya damu aina ya CML ikafuata 2001. Na safari ya imatinib ilianza mbali, 1960, pale Peter Nowell na David Hungerford wa Philadelphia walipoona kwenye hadubini kwamba seli za wagonjwa wa CML zina kromosomu moja (nyuzi zinazobeba jeni), ile ya 22, fupi isivyo kawaida. Kile kipande kimeenda wapi? Ilipita zaidi ya miaka kumi, Janet Rowley wa Chicago akawa anakata picha za kromosomu kwa mkasi anazipanga moja moja kwenye meza ya chakula nyumbani kwake, ndipo akaona hakijapotea, kimehamia kwenye kromosomu ya 9. Meza ya chakula! Mimi hapo huwa naguswa kila nikisoma.

Baadaye ikajulikana kromosomu ya 9 nayo imetoa kipande ikaipa ya 22, na pale vilipoungana ikatokea jeni mpya, BCR-ABL, inayotengeneza kimeng'enya kisichozimika, kazi yake kuiamuru seli igawanyike tu bila kupumzika. Imatinib inaziba kile kitundu ambacho kimeng'enya hicho hupokelea ATP (nishati ya seli), basi amri inakatika.

Dhana nyingine inayoumiza familia: "ni ya jeni, kwa hiyo watoto wataipata". Hapana! Badiliko la CML linatokea kwenye seli ya uboho ukiwa umeshazaliwa, halirithiwi wala halirithishwi. Badiliko la jeni kama BRCA1, linaloongeza hatari ya kansa ya matiti, ndilo huweza kurithiwa, na hiyo ni habari tofauti kabisa.

Na wanaosema dawa hizi zinaponya kansa yoyote, jamani, isipokuwepo shabaha dawa haina cha kupiga, ndiyo maana uvimbe unapimwa kwanza. Kwenye jaribio la imatinib la daktari Brian Druker wa Marekani, wagonjwa 54 wa CML walipewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, 53 damu yao ikarudi sawa, lakini wapo ambao seli hujibadilisha tena (badiliko linaloitwa T315I) na imatinib haiingii tena kwenye kile kitundu, ikabidi itafutwe nyingine, ponatinib, iliyoidhinishwa 2012.