Toleo la chapa 30 likiisha, limeisha

Mtu anaona chapa yangu, yaani picha niliyoichapisha kwa idadi maalum na kuitia saini na namba, ukutani kwa rafiki yake, anaipenda, anakuja atelie. Namwambia toleo lile, yaani chapa zote 30 za picha hiyo, liliisha. Jibu huwa ni lile lile: «Papa, si uko nayo mu ordinatere? Unitolee moja tu, nani atajua?» Nimelisikia kwa mama wa biashara wa Kamalondo, kwa mhandisi wa mgodini na, hili ndilo linaloniuma, kwa wasanii wenzangu hapa Lubumbashi. Basi jibu langu lote, pamoja na la maneno mengine ninayoambiwa kuhusu chapa, nimeliandika hapa, nisiwe nalirudia kila siku mlangoni.

«Mwenye faili anaongeza chapa wakati wowote»

Mashine inaweza, sikatai. Printa ya wino wa pigmenti itatoa chapa ya 31 isiyotofautiana hata kidogo na ya kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo namba inahitaji kuheshimiwa zaidi leo kuliko zamani. Zamani bamba lenyewe, lile la chuma lililochorwa picha, liliweka mpaka. Ukichora kwa sindano kavu juu ya shaba, shaba inainuka kidogo kando ya mstari, na ule ukingo mwembamba unashika wino na kuupa mstari weusi wake laini. Kila bamba likipita kwenye presi ukingo huo unapondwa. Baada ya chapa makumi kadhaa mstari umekonda, na mchapaji anajua amefika mwisho. Printa haina mwisho huo. Kilichobaki ni neno la msanii tu.

Kwa hiyo ninapoandika 7/30, yaani ya saba kati ya 30, kwa penseli, chini kushoto, na kusaini kulia, nimefunga mkataba na anayenunua. Hakulipia karatasi ya pamba na wino peke yake. Alilipia pia uhakika kwamba duniani ziko 30. Nikitoa ya 31, nimechukua kitu mikononi mwa watu 30 bila kuwauliza. Na «nani atajua» ni swali la mtu asiyeujua mji huu: wanaonunua sanaa hapa si wengi, wanakaribishana nyumbani, wanakutana kwenye kituo cha utamaduni cha Halle de l'Étoile na kwenye Biennale, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili. Siku chapa mbili zenye namba moja zikionwa na jicho moja, chapa zangu zote za nyuma zimeingia shaka, hata zile halali.

Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alifariki 1669, lakini mabamba yake mengi ya shaba yalibaki. Karne ya 18 mfanyabiashara wa Paris, Pierre-François Basan, aliyapata na kuyachapisha upya. Mengine yaliendelea kutoa chapa hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Bamba ni lile lile, mkono uliochora ni ule ule, lakini leo chapa iliyotoka wakati wa uhai wake na iliyotoka baadaye hazikaribiani kabisa kwa bei. Ndiyo sababu wachapaji wengi, toleo likiisha, hukwaruza bamba mistari ya kulifuta. Faili huwezi kuikwaruza, kwa hiyo mimi nina daftari: namba, tarehe, saizi, karatasi, jina la mnunuzi. Yeyote mwenye chapa ya toleo hilo anaruhusiwa kuja kusoma kurasa zake.

Wasanii wenzangu wananiletea kesi ya William Eggleston, mpiga picha wa Marekani, kana kwamba ni ruhusa. Machi 2012 nyumba ya mnada Christie's ya New York iliuza picha zake 36, zikiwa kubwa na zimechapishwa upya kwa dijitali, kwa karibu dola milioni 5.9. Baadhi zilikuwa zimeshauzwa zamani katika matoleo madogo yenye namba. Mnunuzi wa zamani, Jonathan Sobel, alishtaki, na mwaka 2013 mahakama ilitupa kesi kwa kuona kwamba chapa mpya ni toleo lingine. Haya, Eggleston alishinda. Lakini wewe si Eggleston, na mteja wako wa Lubumbashi hataenda mahakamani. Ataacha tu kununua, na atawaambia ndugu zake. Ziba mlango huo mapema. Kabla ya kuuza chapa ya kwanza, andika kwenye cheti kwamba idadi inajumuisha saizi zote na karatasi zote. Kanuni za kodi za Ufaransa zinafanya hivyo kwa upigaji picha: picha inahesabiwa kazi ya sanaa ikiwa imesainiwa, ina namba, na hazizidi 30, saizi zote na aina zote za karatasi zikijumlishwa.

Aliyechelewa simfukuzi. Naandika jina lake, na mwenye chapa akitaka kuuza nawakutanisha. Au anachukua kadi ya posta ya picha ile ile, isiyo na saini wala namba, kwa bei ya kadi.

«1/30 ni bora kuliko 30/30»

Kwa sindano kavu kuna ukweli, nimeshaeleza kwa nini. Kwa wino wa pigmenti hakuna. Hata mpangilio wa namba mara nyingi si mpangilio wa kuchapa: karatasi zinakauka zikiwa rundo, ndipo unaanza kuandika. Ulizia badala yake zile zenye alama E.A. (épreuve d'artiste), chapa za ziada za msanii mwenyewe. Kwa kawaida zisizidi sehemu ya kumi ya toleo, na zitajwe kwenye cheti. Msanii asiyetaka kukuambia ni ngapi, achana naye.

«Chapisha 5 tu, bei itapanda yenyewe»

Haipandi. Kitu kichache ambacho hakuna anayekitafuta kinabaki kichache na cha bei ya chini. Kijana anayeanza, chapisha 20 au 30, uza za kwanza kwa bei ambayo mwalimu anaweza kulipa, ongeza bei kadiri zinavyopungua, na usishuke kamwe: ukishuka umemwibia aliyekuamini kwanza.

«Nimeinunua, ni yangu, naiweka kwenye pagne za harusi»

Karatasi ni yako. Haki ya kunakili picha inabaki kwa msanii, kwa sheria yetu ya hakimiliki ya tarehe 5 Aprili 1986. Njoo tuzungumze kwanza. Mara nyingi tunaelewana.

«Niipeleke kupigwa plastiki ili idumu»

Tafadhali, usifanye hivyo. Joto na gundi vinaingia ndani ya pamba na havitoki tena. Ile penseli, ambayo kwa lupu, kioo cha kukuzia, unaona mfereji wake mdogo kwenye nyuzi za karatasi, inabanwa chini ya plastiki. Mpe fundi wa kadre: paspatuu (kadibodi inayoizunguka picha) isiyo na asidi, kioo kisiguse karatasi, mgongo wa kadre ufungwe vizuri kwa ajili ya vumbi jekundu la kiangazi, na ukuta usiopigwa na jua.

Ikiwa umeshaipiga plastiki, namba yako bado imo daftarini. Niletee hiyo iliyoharibika niichane mbele yako, ulipe karatasi na wino, nikutolee nyingine yenye namba ile ile, na tuandike tarehe sote wawili tukiwapo. Hapo tu ndipo ninapofungua faili la toleo lililoisha.