Viwanja vilivyoachwa pori na nyumba zisizokaliwa Kigamboni: wajibu wa mmiliki kisheria

Malalamiko ya wenyeviti wa mitaa na wakazi wa Kibada, Gezaulole na Mwongozo kuhusu viwanja vilivyoachwa pori na mapagale yasiyomalizika yameongezeka kiasi cha kutulazimu, sisi tunaoshughulika na utawala wa ardhi, kutoa ufafanuzi huu kwa umma. Maeneo hayo ni sehemu ya Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza kutekelezwa na Serikali jijini Dar es Salaam mwaka 2002, sambamba na Tuangoma, Buyuni, Mwanagati, Mivumoni, Mbweni na Bunju, kwa lengo la kupunguza uhaba wa viwanja vilivyopimwa uliokuwa ukiwasukuma wananchi kujenga kiholela. Zaidi ya miaka 20 imepita, na bado vipo vitalu ambamo nyumba moja inayokaliwa imezungukwa na vichaka pande zote.

Adha ya mwenye nyumba huyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa na jirani yake aliyeko Mbezi, Mwanza au ughaibuni. Mlinzi ambaye angelipwa na kaya sita analipwa na kaya moja. Bomba la maji na nguzo ya umeme huvutwa kupita mbele ya viwanja vitupu hadi kumfikia yeye, na gharama ya uunganishaji hupanda kwa kadiri ya umbali huo. Kwenye pagale la jirani mwarobaini umeota mahali palipokusudiwa kuwa sebule, nondo za nguzo zimeshika kutu, na shimo la choo lililochimbwa likaachwa bila mfuniko hujaa maji kila masika, huku watoto wakipita hapo hapo kwenda shule. Vibaka nao wanalijua pagale hilo vizuri kuliko mwenyewe.

Haki inatutaka tukiri kwamba si kila ucheleweshaji umetokana na uzembe wa wananchi. Mwaka 2008 Kigamboni ilipotangazwa kuwa eneo la mpango wa mji mpya, uendelezaji katika baadhi ya kata ulizuiwa, na watu waliokuwa na matofali tayari wakaambiwa wasubiri. Subira hiyo ikawa ndefu, matofali yakauzwa au yakamomonyoka. Usafiri nao ulikuwa kikwazo, kwa kuwa hadi Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016 aliyefanya kazi mjini alitegemea kivuko cha Magogoni au mzunguko mrefu wa barabara ya Kongowe. Hata baada ya daraja kufunguliwa, tozo yake iliendelea kuwakatisha tamaa baadhi ya waliotaka kuhamia. Mambo haya tunayafahamu na huwa tunayazingatia tunapopitia jalada la mmiliki mmoja mmoja. Hata hivyo zuio lile halipo tena, wakala uliousimamia mpango ule ulikwishavunjwa, na tangu Kigamboni iwe wilaya yenye halmashauri yake ya manispaa, maombi ya vibali vya ujenzi yanashughulikiwa humo humo. Anayeendelea kulitaja zuio la mwaka 2008 kama sababu ya kutojenga leo anatupotezea muda, na anajipotezea wake pia.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, ardhi yote nchini ni ya umma na imekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Anachopewa mwananchi ni haki ya kuitumia kwa kipindi kilichotajwa kwenye hati, ambacho kinaweza kufika miaka 99, na haki hiyo huambatana na masharti. Kwa kiwanja cha makazi masharti ya kawaida ni kuwasilisha michoro ya jengo ndani ya miezi sita, kuanza ujenzi ndani ya miezi sita baada ya michoro kuidhinishwa, na kukamilisha jengo ndani ya miezi 36. Masharti haya yamechapwa kwenye hati yenyewe. Tunashangaa ni wamiliki wangapi wanaoitunza hati kabatini, ndani ya bahasha mbili, bila kuwahi kuisoma zaidi ya jina lao na namba ya kitalu.

Utetezi tunaokutana nao mara nyingi ni kwamba mmiliki hulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka na hivyo hana kosa. Kodi ya pango ni sharti moja, uendelezaji ni sharti jingine, na kutimiza la kwanza hakumwondolei mtu la pili. Wapo pia wanaojenga ukuta, wakaweka geti la chuma na kupanda mihogo ndani yake, kisha wakadai kwamba kiwanja kimeendelezwa. Kiwanja kilichotolewa kwa matumizi ya makazi huhesabiwa kuwa kimeendelezwa pale linaposimama jengo linaloendana na matumizi hayo na lililojengwa kwa kibali. Ukuta ni ukuta, na mihogo, hata ikistawi vipi, haibadilishi matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Tunaomba jambo hili lisiendelee kuletwa kwenye madirisha yetu kama hoja mpya.

Mzizi wa tabia hii unafahamika. Kabla ya Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na sheria za mwaka 1999, ardhi tupu haikutambuliwa kuwa na thamani yake yenyewe isipokuwa maendelezo yaliyokuwa juu yake. Sheria ilipoitambua thamani hiyo, wananchi wengi walianza kununua viwanja kama njia ya kutunza fedha, wakisubiri barabara ya lami ifike na bei ipande. Kisheria hakuna ubaya wa kununua kiwanja. Ubaya unaanza pale mtu mmoja anaposhikilia vinne au vitano kwa majina ya watoto, ilhali fundi seremala anayepanga Tungi anatafuta kimoja tu na anaishia kuuziwa kipande kisichopimwa kwa maandishi ya daftari.

Sasa kuhusu hatua zinazochukuliwa, ambazo tunalazimika kuzieleza kwa kina kwa sababu mtaani zinasimuliwa kwa kutisha kuliko zilivyo. Afisa ardhi hukagua kiwanja na kuandika taarifa ya ukaguzi yenye picha. Taarifa ikithibitisha kwamba sharti limevunjwa, mmiliki huandikiwa notisi kupitia anwani iliyo kwenye jalada lake, akitakiwa ajieleze. Sheria inamtaka Kamishna wa Ardhi azingatie uzito wa kosa, mazingira ya mmiliki na uwezekano wa kosa hilo kurekebishwa. Kwa hiyo maelezo ya ugonjwa, msiba, shauri lililoko mahakamani au mkopo unaoshughulikiwa yana maana, mradi yaambatane na vielelezo. Kamishna anaweza kutoza faini, anaweza kutoa muda wa kurekebisha kosa, na pale inapobidi anaweza kutumia kifungu cha 48 kuanzisha ubatilisho wa milki, yaani kufutwa kwa haki ya kuimiliki ardhi hiyo. Katika hatua hiyo mmiliki hupewa notisi ya siku 90. Siku hizo zikipita bila maelezo ya kuridhisha, mapendekezo hupelekwa kwa Rais, ambaye ndiye pekee mwenye mamlaka ya kubatilisha. Afisa wa wilaya hana uwezo huo, wala mtendaji wa mtaa, wala mtu yeyote anayekupigia simu usiku akidai fedha ili jina lako litolewe kwenye orodha. Mtu wa namna hiyo aripotiwe TAKUKURU.

Milki ikibatilishwa, ardhi hurudi mikononi mwa Rais na kuweza kumilikishwa mwingine. Aliyekuwa mmiliki anaweza kulipwa fidia ya maendelezo halali aliyoyafanya, baada ya kukatwa madeni anayodaiwa juu ya ardhi hiyo. Aliyeacha kichaka kitupu ataelewa mwenyewe kwamba hesabu hiyo haimwachii kitu.

Lipo pia suala la kutelekeza ardhi, chini ya kifungu cha 51, ambalo wanaoishi nje ya nchi hawalipi uzito unaostahili. Ardhi inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa iwapo kodi na tozo zake zimedaiwa kwa miaka miwili au zaidi, iwapo jengo limeachwa kuchakaa hadi kuhatarisha afya au usalama wa watu, au iwapo mmiliki ameondoka nchini bila kumwachia mtu dhamana ya kuitunza. Kumwambia shemeji kwa simu apitie pitie si kumwachia dhamana. Inatakiwa hati ya uwakilishi iliyoandaliwa kisheria na kusajiliwa, pamoja na anwani ya mwakilishi kwenye jalada.

Nyumba zilizokamilika lakini zinakaa tupu zina mazingira tofauti, na hapa tunaongea kwa tahadhari, kwa kuwa hakuna sheria inayomlazimisha mtu kupangisha nyumba yake. Nyingi tulizozikuta zimefungwa kwa sababu ya mirathi: mzee amefariki, watoto wanavutana juu ya kuuza au kutouza, hakuna aliyekwenda mahakamani kuomba usimamizi, na kufuli linabaki mlangoni hadi dari linaanza kuanguka. Bila msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, ofisi ya ardhi haiwezi kubadilisha jina kwenye hati, hata ndugu wote saba waje pamoja na cheti cha kifo mkononi. Nyingine ni nyumba za vyumba vitano vya kulala zilizojengwa mahali ambapo wapangaji wanatafuta chumba na sebule, na mwenye nyumba anashikilia kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, pamoja na mwezi mmoja wa dalali. Hilo ni la soko na hatuliingilii. Tunachoweza kusema ni kwamba kugawa nyumba kubwa kuwa makazi mawili au matatu kunaruhusiwa pale mpangokina wa eneo, yaani mchoro wa kina wa matumizi ya ardhi, unapokubali, kwa kuomba kibali cha mabadiliko. Ieleweke vilevile kwamba nyumba tupu haina msamaha wa kodi ya majengo. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi kupitia LUKU, na jengo la ghorofa shilingi 7,500 kwa kila sakafu. Asiponunua umeme kwa miezi minane, deni la miezi minane humsubiri.

Mmiliki ambaye kwa kweli hana uwezo wa kujenga kwa sasa asisubiri notisi. Anaweza kuandika barua ya kuomba kuongezewa muda, akiambatanisha nakala ya hati au barua ya toleo (barua ya kugawiwa kiwanja), stakabadhi za kodi ya pango za miaka yote, na mpango wa ujenzi wenye tarehe. Ombi lisilo na tarehe huwa tunalirudisha. Anaweza kuuza, na hapo uhamisho wa milki ufuate taratibu, pamoja na idhini pale inapohitajika. Anaweza pia kukopa benki kwa dhamana ya kiwanja, ila akumbuke kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2018 fedha iliyokopwa kwa dhamana ya ardhi isiyoendelezwa inatakiwa itumike kuiendeleza ardhi hiyo hiyo, na Kamishna apewe taarifa. Aliyechukua mkopo wa namna hiyo akanunulia basi la abiria amevunja sharti jingine juu ya lile la kwanza.

Kabla ya yote hayo, tunawaomba wamiliki wahakiki anwani zao. Notisi hupelekwa kwa anwani iliyo kwenye jalada, na majalada mengi ya mradi wa mwaka 2002 bado yana masanduku ya posta ya waajiri ambao mmiliki aliwaacha zamani. Fomu ya kubadilisha anwani inapatikana kwenye ofisi ya ardhi ya manispaa. Mwenye kiwanja aje na kitambulisho cha NIDA na namba ya kitalu.